Tumeshinda 7-1: Nani aliyeshinda, na nani aliyelipa?

Desemba 1, 1982, mjini New Delhi, timu ya mpira wa magongo ya Pakistan iliifunga India mabao 7 kwa 1 katika fainali ya Michezo ya Asia. India ndio walikuwa wenyeji. Waziri Mkuu wao, Bibi Indira Gandhi, alikuwapo jukwaani. India ndio waliotangulia kufunga, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Baada ya hapo Pakistan wakarudisha, wakaongeza, wakaendelea kuongeza. Hassan Sardar peke yake alipachika mabao matatu, na nahodha wao alikuwa Samiullah, winga wa kushoto ambaye kwa mbio zake watu walimpa jina la farasi anayeruka. Mpaka kipenga cha mwisho kinalia, uwanja ule uliofurika watu ulikuwa kama pana maiti.

Mechi hiyo imepita zaidi ya miaka arobaini, na mchezo wenyewe hapa Dar es Salaam unachezwa na watu wachache sana. Lakini haijasahaulika. Kila Pakistan na India zinapokutana, iwe kwenye magongo au kwenye kriketi, hakosekani mtu barazani baada ya swala ya Isha atakayeikumbushia ile saba kwa moja ya Delhi, na hakosekani wa kumalizia: "Siku ile Waislamu tuliwakomesha." Neno hilo nimelisikia kwa watu wazima, na sasa nalisikia kwa vijana ambao mwaka 1982 wazazi wao walikuwa hawajaoana. Wanaonyeshana picha za mechi ile kwenye simu, nao husema vilevile: tuliwakomesha.

Tuliwakomesha nani? Na sisi ni akina nani? Maswali haya mawili yanaonekana mepesi, lakini nionavyo mimi ndani yake mna jambo zito linalogusa haki za watu na heshima zao.

Tuanze na hilo neno "tumeshinda". Shabiki wa Simba ambaye hajawahi kupiga danadana tatu mfululizo hukwambia "tumewafunga tano". Alisema hivyo Mei 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5-0. Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, ikawa zamu ya wa upande wa pili kusema maneno yaleyale. Hakuna ubaya. Lakini msikilize shabiki huyohuyo siku timu yake inapofungwa. Hasemi "tumecheza vibaya". Husema "wametuangusha", "kipa katuuza", "wamekula hela". Ushindi wetu, kufungwa kwao. Hapo ndipo unapoona kwamba "sisi" ya shabiki ni nguo ya kuazima: siku ya harusi anaivaa, siku ya mazishi anairudisha kwa mwenyewe.

Sisemi kwamba shabiki hana fungu. Analo. Mtu aliyealikwa harusini anakula pilau, anapiga makofi, anafurahi kwelikweli, na hakuna wa kumwambia kuwa furaha yake ni ya uongo. Ila hawezi kurudi nyumbani akadai yeye ndiye aliyeoa. Wala dini yetu haikukataza furaha ya namna hii. Ipo habari mashuhuri ya Bibi Aisha (r.a.) kushindana mbio na Mtume (saw) akamshinda, kisha baada ya muda, akiwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba hii imelipia ile. Ipo na ile ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama. Kwa hiyo anayesema michezo yote ni upuuzi, kisha akitoka hapo anawasha redio kusikiliza mpira, huyo sina la kumjibu.

Swali langu basi si kama inafaa kufurahi. Swali langu ni hili: furaha yako analipa nani?

Golini kwa India siku ile alikuwa Mir Ranjan Negi. Haukupita muda neno likawa limeenea nchi nzima: kipa kahongwa, kapokea fedha za Pakistan. Magazeti yakaandika. Mitaani akazomewa, akaitwa msaliti wa taifa. Ushahidi hakuna aliyeuleta, si wakati ule wala baada yake. Anayeujua mchezo wa magongo atakwambia kwamba mabao saba hayawi kazi ya kipa peke yake. India walipoona wamezidiwa walipanda mbele kutafuta mabao, nyuma wakaacha uwanja mtupu, na washambuliaji wa Pakistan wenye mbio kama upepo wakawa wanamkuta kipa hana wa kumsaidia, mara hii, mara ile, mara nyingine tena. Lakini maelezo ya namna hiyo hayamridhishi mtu aliyeumia. Aliyeumia anataka jina la mtu.

Njia ya Negi katika timu ya taifa ikafungika. Ikapita miaka mingi. Mwaka 1998 akaitwa kuwanoa makipa wa India waliokwenda kwenye Michezo ya Asia mjini Bangkok, na India ikatwaa dhahabu, ya kwanza katika michezo hiyo tangu mwaka 1966. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa makocha wa timu ya wanawake ya India iliyotwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester. Halafu mwaka 2007 ikatoka ile filamu ambayo wengi wetu tumeiona, Chak De! India, ambamo Shah Rukh Khan anaigiza kama nahodha wa zamani aliyetuhumiwa kuiuza mechi dhidi ya Pakistan, anayerudi kuifundisha timu ya wanawake. Aliyewafundisha waigizaji wale kushika gongo ni Negi mwenyewe. Watu wengi wakasema hiki ni kisa chake, ingawa mwandishi wa filamu alieleza kuwa hakukitoa hapo.

Lakini angalia tofauti moja. Negi si Mwislamu. Nahodha wa kwenye filamu anaitwa Kabir Khan. Waliotengeneza filamu ile walitaka mtu ambaye jamii ya India itamdhania msaliti mara moja, bila ya kuhitaji maelezo mengi, na jina walilompa ni la Kiislamu. Hawakukosea. Waliijua jamii yao vizuri, na nadhani walitaka ijitazame kwenye kioo. Bwana Negi ilibidi afungwe mabao saba ndipo aitwe msaliti. Kuna ambao wanatazamwa hivyo kabla mpira haujaanza.

Sasa turudi kwenye "Waislamu tuliwakomesha". Katika kikosi cha India kilichofungwa saba alikuwamo Zafar Iqbal wa Aligarh, ambaye miaka miwili baadaye, 1984, alikuwa nahodha wa India katika Olimpiki ya Los Angeles. Alikuwamo Mohammed Shahid wa Varanasi, ambaye Wahindi wengi mpaka leo, ingawa alifariki mwaka 2016, wanamhesabu kuwa fundi wa chenga asiye na mfano nchini mwao. Hawa wawili ni Waislamu. Walisujudu kama wanavyosujudu akina Samiullah. Anayesema kwamba siku ile Waislamu waliwafunga Wahindi, hawa amewaweka wapi? Ama amewatoa kwenye Uislamu, ama amewatoa kwenye India. Sioni njia ya tatu. Kuwatoa kwenye Uislamu hana mamlaka hayo. Na kuwatoa kwenye India, kusema kwamba Mwislamu wa India si Mhindi kamili, hilo ndilo hasa wanalolitaka mahasimu wakubwa wa Waislamu wa nchi ile. Wamelisema kwa miaka mingi, na sisi huku, kwa furaha ya magongo, tunawaitikia amina.

Tena hiyo mipaka yenyewe ni ya jana. Agosti 15, 1936, mjini Berlin, India, wakati huo ikiwa chini ya Waingereza, iliifunga Ujerumani 8-1 katika fainali ya Olimpiki. Wengi wanamkumbuka Dhyan Chand, nahodha. Lakini miongoni mwa waliofunga siku ile alikuwamo Ali Iqtidar Shah Dara, aliyeitwa kwa haraka kwenda kuiongezea nguvu timu ikiwa tayari iko Ulaya. Mwaka 1948, katika Olimpiki ya London, Dara huyohuyo alikuwa nahodha wa Pakistan. Na kwenye michezo hiyohiyo India, ikiwa imebakiza siku tatu kutimiza mwaka mmoja wa uhuru wake, iliifunga Uingereza 4-0 kwenye Uwanja wa Wembley ikachukua dhahabu. Sasa ile medali ya Dara ya mwaka 1936 ni ushindi wa nani? Ni wa Wahindi? Wa Wapakistani? Wa Waislamu? Mwenyewe hakubadilika, alikuwa mtu yuleyule, na gongo lilelile. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani. Miaka kumi na miwili baada ya hapo, Roma 1960, Pakistan ikaipokonya India dhahabu ya Olimpiki kwa bao 1-0, dhahabu ambayo India ilikuwa ikiishikilia tangu 1928, na mechi za nchi hizi mbili zikazidi kubeba uzito ambao haukuwa wa mchezo.

Nilipoyaeleza haya kwa ndugu yangu mmoja, mtu msomi na mwenye uchungu na dini yake, hakukubali. Alinijibu hivi: "Wewe unasahau madhila. Waislamu wa India wamechinjwa, misikiti yao imevunjwa, ardhi yao imechukuliwa. Mnyonge akipata siku moja ya kucheka, mwache acheke. Usimwekee mizani."

Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini tuiangalie vizuri. Mnyonge hapa ni nani? Timu ya Pakistan ya mwaka 1982 haikuwa mnyonge. Januari ya mwaka huohuo ilikuwa imechukua Kombe la Dunia hukohuko India, mjini Bombay, kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 3-1. Ilikuwa timu bora duniani. Na sisi tunaoshangilia barazani Kariakoo, tukinywa kahawa, si wanyonge wa jambo lile hata kidogo; hakuna wa kutugusa. Mnyonge ni Mwislamu wa Delhi, au wa Meerut, au wa Ahmedabad, ambaye Desemba 2 asubuhi ilibidi atoke nyumbani kwake aende kazini. Huyo ndiye anayelipa. Mzee mmoja wa Kisutu, Mkachi, aliniambia kwamba kaka yake aliyekuwa akiishi Bombay hakufungua duka siku ile ya pili. Hakuwa ameshangilia. Aliogopa kuulizwa kama alishangilia.

Neno hilo la mzee limekaa moyoni mwangu kuliko maelezo yote ya mechi yenyewe.

Na tusidhani hayo yalikuwa ya zamani. Oktoba 24, 2021, mjini Dubai, Pakistan iliishinda India kwa wiketi 10 katika Kombe la Dunia la kriketi la T20. Kushindwa kwa wiketi 10 maana yake hakuna mrushaji hata mmoja wa India aliyefanikiwa kumtoa mpigaji wa Pakistan. Timu nzima ilizidiwa. Lakini aliyetukanwa kwenye mitandao akaitwa msaliti, akaambiwa aende Pakistan, alikuwa mmoja: Mohammed Shami. Nahodha wao, Virat Kohli, ambaye si Mwislamu, alisimama mbele ya waandishi wa habari akamtetea, na akawakemea waziwazi wanaomshambulia mtu kwa sababu ya dini yake. Tumpe haki yake: si wengi katika nafasi yake ambao wangethubutu. Siku hizohizo wanafunzi Wakashmiri walikamatwa mjini Agra kwa tuhuma za kushangilia ushindi wa Pakistan.

Kuhusu wanafunzi hao niseme wazi, asije mtu akanielewa vibaya. Kumtia mtu ndani kwa sababu kashangilia timu ni dhulma. Moyo hauongozwi na polisi. Mtu anaweza kulipa kodi, kutii sheria na kuwatakia mema majirani zake wote, na bado timu anayoipenda ikawa ya nchi nyingine. Nusu ya vijana wa mji huu wanalala na kuamka na timu za Uingereza, na hakuna aliyewaita wasaliti wa Tanzania.

Wako waliotaka kuligeuza jambo hili kuwa mtihani. Mwaka 1990 mwanasiasa wa Uingereza, Norman Tebbit, alisema wahamiaji wapimwe kwa timu ya kriketi wanayoishangilia: Uingereza, au walikotoka wazee wao? Kipimo hicho kiliwaudhi watu wengi, na kwa haki. Hapa jirani tunao mfano unaokivunja. Kombe la Dunia la kwanza la magongo lilichezwa Barcelona mwaka 1971. Awali lilikuwa lifanyike Pakistan, likahamishwa kwa sababu ya hali ya kisiasa baina ya nchi hizi mbili. Kenya ilishika nafasi ya nne. Naam, Kenya, nafasi ya nne duniani! Na karibu kikosi chote kilikuwa cha Wakenya wenye asili ya Bara Hindi, Masingasinga na Magoa. Mechi ya kugombea nafasi ya tatu walicheza na nani? Na India. Wakafungwa 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Walikuwapo akina Singh upande huu na akina Singh upande ule. Wale wa Kenya walitoka jasho mpaka dakika za nyongeza kuwazuia watu wa asili yao, kwa ajili ya nchi ambayo miaka hiyohiyo Waasia wengi walikuwa wakiikimbia kwa kuonekana si wenyeji. Tebbit angewauliza nini watu wale?

Kwa hiyo hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na mimi nataka kuyatenga. La kwanza ni kuipenda timu. Hilo ni lako. Ipende Pakistan kwa uzuri wa mchezo wao, au kwa sababu babu yako alitoka Lahore, au kwa sababu jezi yao ya kijani inakupendeza tu. La pili ni kuipa timu cheti cha dini, kusema kwamba iliposhinda, Uislamu umeshinda. Hapo umetoka kwenye mapenzi yako ukaingia kwenye mambo ya watu. Umewavalisha jezi watu milioni na milioni ambao hawakukutuma, wengine wakiwa wanaishi mahali ambapo jezi hiyo inaweza kuwaletea balaa.

Na cheti hicho kina hesabu yake, ambayo wanaokitoa hawaipigi. Septemba 30, 2023, kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, India iliifunga Pakistan 10-2. Haijapata kutokea timu moja kati ya hizi mbili kuifunga nyingine kwa tofauti kubwa namna hiyo. Je, siku ile Uislamu ulifungwa kumi? Kama saba ya Delhi ni yetu, basi na kumi ya Hangzhou ni yetu. Nimewauliza hivyo vijana wa barazani. Mmoja akaniambia, "Aa, magongo siku hizi si mchezo." Kumbe! Pakistan, mabingwa wa dunia mara nne, haikufuzu kwenda Olimpiki ya 2016, wala ya Tokyo, wala ya Paris 2024, na India imerudi na shaba Tokyo na Paris. Hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo.

Juni 18, 2017 ilitokea ajabu ambayo naipenda sana. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hiyo moja, mjini London, nchi hizi mbili zilikutana mara mbili. Kwenye kriketi, fainali ya Kombe la Mabingwa, Pakistan iliishinda India kwa mikimbio 180. Kwenye magongo, upande mwingine wa mji huohuo, India iliifunga Pakistan 7-1. Saba kwa moja ileile, imegeuzwa. Wapenzi wa kila upande wakachagua mechi ya kuizungumzia na mechi ya kuisahau. Waliokuwa wakiimba habari ya Delhi miaka thelathini na mitano, saba hii ya London hawakuisikia kabisa!

Imepokewa kwamba Mtume (saw) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga, akamshinda. Jambo hilo likawa zito kwa Masahaba, mpaka likaonekana nyusoni mwao. Walikuwa mashabiki, kwa lugha ya leo, na timu yao imefungwa nyumbani na mtu wa shamba. Na ngamia hakuwa wa mtu yeyote. Alikuwa wa Mtume. Kama kuna siku ambayo mtu angeweza kusema kuwa dini imeshindwa uwanjani, basi ni ile. Mtume (saw) hakusema hivyo, wala hakumtafutia bedui sababu, wala hakuomba mbio zirudiwe. Aliwafahamisha kwa maneno machache kuwa huo ndio utaratibu wa Mwenyezi Mungu katika vitu vya dunia, kwamba kilichopanda atakishusha. Bedui akaenda zake na ushindi wake.

Hebu tulitazame sasa hilo neno "kukomesha", maana nadhani ndilo lenye ugonjwa. Kufurahi kunamtazama aliyeshinda: alivyokokota mpira, alivyompita beki, alivyofunga. Kukomesha kunamtazama aliyefungwa. Kunatafuta uso wake. Wazee wetu Waarabu wana neno kwa furaha ya namna hii, shamata, kuona raha kwa sababu mwenzio amepatwa. Nimewahi kuwauliza hawa wanaosimulia mechi ya Delhi: katika yale mabao saba, lipi lilikuwa zuri zaidi? Hawajui. Hassan Sardar, mmoja wa washambuliaji wakubwa waliopata kuushika mchezo huu, hawawezi kueleza alifungaje hata bao moja. Wanachokijua ni idadi, na kwamba waliofungwa waliaibika mbele ya Waziri Mkuu wao. Basi hapo ushindi wenyewe hawakuupenda. Walipenda aibu ya wengine.

Kwamba hali ingekuwa hivyohivyo kwa upande wa pili, silikatai. Mhindi anayeishangilia kumi ya Hangzhou kwa kumtazama jirani yake Mwislamu usoni ni yuleyule. Lakini mimi naandika kwa watu wa baraza langu.

Na hapa nchini tunao akina Negi wetu. Sitawataja. Kila mpenda mpira anawajua makipa na mabeki ambao baada ya mechi moja mbaya dhidi ya mtani waliambiwa wamehongwa, wakasimamishwa, wakahama klabu, na wengine wakahama mpaka mtaa. Tuhuma ya kuuza mechi ni rahisi kuliko zote. Haina gharama kwa anayeitoa. Anaitoa kijiweni, anamaliza kahawa yake, anakwenda kulala. Aliyetuhumiwa anarudi nyumbani kwa mke na watoto, na kesho watoto wanakwenda shule. Dini inasema nini juu ya kumzushia mtu jambo bila ushahidi, kila mmoja wetu amesikia kwenye darsa tangu utoto, na jina lake ni buhtani. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba hukumu hiyo inasimama nje ya geti la uwanja wa mpira. Kama yupo aliyehongwa, wapo wa kuchunguza, aletwe na ushahidi. Kama hakuna ushahidi, kipa kafungwa tu. Makipa hufungwa.

Kabla sijaweka kalamu chini, liko jambo la magongo ambalo ni letu kabisa na halitajwi barazani. Tanzania nayo ilicheza Olimpiki. Mwaka 1980 mjini Moscow, nchi nyingi ziliposusia michezo ile kwa sababu ya Urusi kuivamia Afghanistan, timu za magongo za wanaume zilibaki sita, na mojawapo ilikuwa yetu. Vijana wale, wenye majina ya Kiislamu, ya Kigoa, ya Kisingasinga na ya Kiafrika, walikutana na India, iliyokuwa na Zafar Iqbal na Mohammed Shahid haohao. Wakafungwa 18-0. India ikaenda mpaka fainali, ikaifunga Hispania 4-3, ikatwaa dhahabu. Sisi tukawa wa sita kati ya sita.

Medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, za michezo hiyohiyo ya Moscow, kila Mtanzania anasema "tulizipata". Ile kumi na nane, yule mzee wa Kisutu ndiye mtu pekee niliyemsikia akisema "tulifungwa". Alikuwa akimjua mmoja wa wachezaji, na alisema kijana yule aliporudi Dar walimpikia biriani.